Kidole gumba kwanza: kwa anayeanza kudonoa gitaa

Ukiisikia kwa mara ya kwanza "Masanga" ya Mwenda Jean Bosco, mpiga gitaa wa Kongo, ile aliyoirekodi mkusanyaji wa muziki wa Kiafrika Hugh Tracey huko Katanga, Kongo, mwaka 1952, utaapa kwamba magitaa ni mawili. Ni gitaa moja tu, tena kavu, lisilo la umeme, na mkono wa kulia unatumia vidole viwili: gumba na cha shahada. Ndio wimbo niliouanzia. Kama nawe umeukusudia huo, au umezipenda nyimbo za omutibo, mtindo wa gitaa wa magharibi mwa Kenya, alizopiga George Mukabi wa Kisa, nakusihi usipitie njia niliyopitia mimi.

Nilianza na sauti za juu, zile tamu. Nilikariri kila mdonoo kwa macho, nikitazama vidole vya watu kwenye video, miezi minne mizima. Chumbani peke yangu wimbo ulisikika vizuri. Siku shemeji aliponiomba nimpigie aimbe, kidole gumba kilisimama kila sauti yake ilipoingia. Ubeti wa pili hatukuumaliza.

Jirani yetu mmoja, mzee aliyepiga sana kwenye harusi enzi za ujana wake, aliniambia niusahau mkono wa kushoto kwanza. "Laza kiganja juu ya nyuzi, zinyamaze." Akachukua chupa ya soda yenye matuta, akawa anaikwaruza kwa msumari, nami nagonga kwa gumba peke yake: uzi wa 5, wa 4, wa 5, wa 4 (hesabu huanzia uzi mwembamba kabisa, ndio wa 1). Hakukuwa na noti, ni mlio mkavu tu, tu-ta, tu-ta. Kila nilipojaribu kuchomeka kidole cha shahada, chupa ilinyamaza, akanitazama mpaka nirudi kwenye gumba. Dakika 20 kila jioni, wiki mbili, ndipo akaniruhusu kushika kodi ya C (kodi ni noti kadhaa zinazoshikwa pamoja).

Gumba ni ngoma yako. Halifuati wimbo, wimbo ndio unaolifuata. Kwa hiyo lizoeze mpaka liende lenyewe kama miguu inavyokwenda njiani bila wewe kuihesabu. Kipimo changu ni hiki: piga besi hiyo, mtu akikusalimia itikia, muulize habari za nyumbani, msikilize. Gumba likisita, bado.

Likishatulia, ongeza kidole cha shahada kwa kipande kidogo mno. Shika C, gumba likiendelea na nyuzi za 5 na 4. Hesabu "moja na mbili na". Kwanza shahada idonoe uzi wa 2 pamoja na gumba kwenye "moja". Hilo ni jepesi, vidole vinabana kama unaokota punje. Kisha ihamishe iingie kwenye "na", gumba likiwa limeshapita. Hapa ndipo wengi wetu tunakwama, na hapa ndipo utamu wote wa mtindo huu ulipo, maana sauti ya juu inadunda katikati ya mapigo ya besi. Usiharakishe. Weka metronomu, kile kifaa cha kuhesabu mapigo, kwenye mapigo 50 kwa dakika, na ukikosea mara mbili mfululizo ishushe hadi 40. Usiongeze kasi kwa sababu umechoka na mwendo wa pole. Ongeza pale mkono utakapokuwa umelegea begani na kwenye kifundo cha mkono.

Kodi ya F itakusumbua. Usijikaze kuziba nyuzi zote 6. Kidole cha shahada cha kushoto kilale kwenye nyuzi za 1 na 2, freti ya 1 (freti ni vile vyuma vinavyokatiza shingo ya gitaa). Cha kati uzi wa 3, freti ya 2. Cha pete uzi wa 4, freti ya 3. Gumba la kulia lihamie nyuzi za 4 na 3. Ukiona bado nyuzi ni ngumu, funga kapo, kile kibanio cha shingo ya gitaa, freti ya 2, nafasi zinapungua na nyuzi zinashuka karibu na ubao. Nunua pia seti ya nyuzi nyepesi. Gitaa lenye nyuzi zilizoinuka sana lipeleke kwa fundi kabla hujaulaumu mkono wako.

Kubadilisha kodi kufanyie mazoezi peke yake: C kwenda F, F kwenda G, gumba likigonga bila kukoma hata kama kodi imechelewa kukaa. Afadhali noti mbovu kuliko pigo lililokosekana, kwa sababu anayecheza au anayeimba nawe ameegemea pigo.

Kila Jumamosi jirekodi kwa simu, halafu sikiliza besi pekee, ukiyaacha yale ya juu yapite. Kisha anza kuguna wimbo huku unapiga, mdomo umefunga, bila maneno. Sauti yako ikiingia na besi haikuyumba, tia maneno ya ubeti wa kwanza.