Mlango unapolia saa nne za usiku: barua kwa mwanangu

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Unasema bwana yako ameacha lutuku, ile pombe kali ya kienyeji, na bia tangu miezi minane, yule mwanamke wa mtaa wa Ruashi ameachana naye, na mshahara sasa unafika nyumbani. Lakini simu yake ikilia usiku, au mlango wa ua ukilia saa nne, moyo wako unakwenda mbio, mikono inakuwa baridi, na bukari, yaani ugali, uliyokula jioni inataka kurudi. Halafu ukaongeza neno moja lililoniuma: "Mama, ni kusema sijamsamehe?"

Ningeweza kuja huko mtaani kwako Kampemba, lakini nikija tutazungukwa na watoto na majirani. Mambo haya uyapate kwenye karatasi, uyasome tena ile saa usingizi unapokataa.

Nianze na msamaha, maana huo ndio unaokunyima usingizi. Kusamehe ni uamuzi wako. Kinachokushika mlango unapolia ni mwili, na mwili haukuulizwa chochote siku ulipoamua. Kwa miaka minne ulijifunza alama zake: mlango wa usiku, harufu ya bonboni za minti zilizoficha pombe, simu iliyolazwa kifudifudi, mwisho wa mwezi. Kila alama ilifuatwa na maumivu. Sehemu ya ubongo inayolinda uhai haisubiri ukumbuke kwamba mambo yamebadilika. Inaona alama, inapiga kengele, adrenalini inamwagika kwenye damu, na wewe ukianza kufikiri unakuta moyo umekwisha kuruka. Mtu aliyesamehe kabisa anaweza kutetemeka hivyo hivyo. Usimruhusu mtu yeyote, hata kwenye kikundi cha maombi, akupime imani kwa mapigo ya moyo wako.

Na mwili unasahau kwa njia ile ile uliyojifunzia: mlango unalia, hakuna baya linalotokea, tena na tena. Miezi minane unaiona mingi, lakini hesabu usiku wenyewe. Akichelewa mara mbili kwa wiki, mwili umepata masomo mapya kama sabini tu, na ya zamani yalikuwa mamia. Kwa hiyo usishangae. Usishangae pia kwamba umeanza kutetemeka zaidi sasa nyumba ilipotulia. Wakati wa vita mtu anabeba tu, na mzigo anausikia akishautua.

Sasa kazi yenyewe. Nunua daftari la kawaida, ulitunze mahali pako. Kila ukishtuka, andika mistari michache: siku na saa, alama gani, mwili ulifanya nini, hofu ilikuwa ngapi kati ya 0 na 10, ulifanya nini, na mwishowe ukweli ulikuwa upi. Ule mwisho usiuruke hata ukichoka. "Alichelewa kwa sababu barabara ilijaa, alirudi saa nne na nusu, hakuna harufu." Baada ya wiki tatu utaona mambo ambayo kichwa peke yake hakiyaoni. Wengi wanagundua kwamba hofu ya 9 inakuja siku waliyolala vibaya au hawakula mchana, na alama ile ile siku nyingine inaleta 4. Basi dawa ya kwanza inaweza kuwa chakula cha saa sita na kulala mapema, kabla ya mazungumzo yoyote na bwana yako.

Kengele ikilia, usianze na maneno. Tuliza mwili kwanza. Kaa, weka nyayo wazi juu ya sementi, uisikie baridi yake. Vuta pumzi kwa pua ukihesabu mpaka 4, itoe polepole kwa mdomo ukihesabu mpaka 6, mara kumi na mbili. Ni dakika mbili hivi. Inayofanya kazi ni ile ya kutoka, maana pumzi ndefu ya kutoka ndiyo inayopunguza mbio za moyo. Hapa wengi wanakosea: wanavuta kwa nguvu na kwa haraka wakidhani wanajisaidia, kizunguzungu kinaanza, vidole vinawasha, na hofu inaongezeka. Ukisikia vidole vinawasha, ujue unapumua kupita kiasi. Punguza, usivute kwa kujaza kifua. Maji ya baridi usoni nayo yanasaidia. Halafu jisemee kwa sauti ya chini: leo ni siku gani, uko wapi, unaona nini mbele yako. "Leo ni Jumanne. Niko chumbani kwangu. Watoto wamelala. Huu ni mlango wa ua." Usione aibu, unaupa ubongo habari za leo kwa sababu wenyewe umerudi kwenye zile za zamani.

Moyo hautulii mara moja. Kwa kawaida unahitaji dakika 20 au zaidi. Ndani ya dakika hizo usimuulize bwana yako kitu kikubwa, wala usijibu kikubwa. Mwambie maneno mafupi ambayo mmekwisha kupatana: "Nimeshtuka. Sikushtaki. Nipe dakika ishirini, kisha nitakuuliza jambo moja." Dakika zikiisha, uliza hilo moja, kuhusu leo: "Ulikuwa wapi tangu saa kumi na mbili?" Usifungue mafaili ya miaka minne.

Naye ana sehemu yake, na nataka umsomee hapa. Mke akiuliza, jibu ni ukweli mfupi bila hasira. "Bado tu na mambo hayo?" ni neno linalorudisha nyuma kazi ya wiki nzima, kwa sababu zamani hasira ndiyo iliyofunika uongo, na mwili unakumbuka hasira kama alama nyingine. Akijua atachelewa, apige simu kabla ya saa mliyopatana, asisubiri kuulizwa. Yeye ndiye aliyevunja, kwa hiyo yeye ndiye atangulie kusema.

Kuhusu kuchungulia simu yake. Najua unafanya, umeandika hivyo mwenyewe na sikulaumu. Lakini angalia kinachotokea: unafungua ujumbe, hukuti kitu, unapumua kwa dakika kumi, kisha wazo linakuja, "labda amefuta." Ile nafuu fupi inaufundisha ubongo kwamba umepona kwa sababu ulichungulia, basi kesho unadai uchungulie tena, na keshokutwa mara tatu. Ukitaka kuacha ghafla utashindwa. Badilisha kuchungulia kwa siri kuwe hesabu ya wazi yenye siku yake. Jumapili alasiri, nusu saa, watoto wakiwa nje. Mezani kuwe na simu yake, historia ya M-Pesa au ya Airtel Money, mafranga yaliyoingia na yaliyotoka, na mambo matatu ya kusema: wiki hii tamaa ya pombe ilimshika wapi, alifanya nini, na wewe uliogopa lini. Nusu saa ikiisha mfunge, hata kama neno limebaki. Libaki kwa Jumapili ijayo. Katikati ya wiki, ukisikia mkono unakwenda kwenye simu yake, andika daftarini "Jumapili nitaangalia" na saa uliyoandika. Mara nyingi ifikapo Jumapili lile jambo limekwisha kuwa dogo. Miezi mitatu ikipita bila uongo, fanyeni mara moja kwa wiki mbili. Usiharakishe kuiacha kabisa kwa sababu tu yeye amechoka nayo.

Yule mwanamke mwingine. Una haki ya kujua ilianza lini, iliisha lini, kama kuna mtoto, mafranga kiasi gani yalikwenda, kama bado anapiga simu, na kama afya yako iliwekwa hatarini. Maswali haya yana majibu ya kukusaidia kuamua. Lakini alivyokuwa amevaa, walilala wapi, alimwambia maneno gani, hayo usiulize. Kila jibu litakuwa picha, na picha itakuwa alama mpya. Picha zake kwenye intaneti usizifungue, na usipite Ruashi kwa makusudi kuona nyumba yake.

Na kabla ya yote haya, kupimwa. Hukuniambia kama mlikwenda. Mwende wote wawili: ukimwi, kaswende, hepatitisi B. Kipimo cha haraka cha ukimwi kinaweza kutoonyesha maambukizi mapya mpaka miezi mitatu ipite, kwa hiyo mhesabu miezi mitatu tangu mara ya mwisho bwana yako aliyokuwa na yule mwanamke, na tangu mara ya mwisho mlipolala pamoja bila kondomu. Majibu ya kabla ya hapo si ya mwisho. Mpaka mpate ya mwisho, kondomu kila mara. Sehemu ya hofu unayoibeba usiku ni swali hili tu ambalo halijajibiwa, na karatasi ya maabara italijibu kuliko maombi ya kukesha. Na kama mwili wako hautaki kuguswa bado, sema bado. Ndoa haidaiwi kama deni la mwisho wa mwezi.

Sasa jambo gumu. Hofu yako inaweza kudanganya, lakini inaweza pia kuwa kweli, na lazima ujue tofauti. Hofu inasema "kitu kitatokea." Ushahidi unaandikika: mafranga haya yametoka tarehe hii bila maelezo, nimeona chupa mahali hapa, alisema yuko kazini na hakuwapo. Harufu ya bonboni peke yake haitoshi. Bonboni, hesabu isiyolingana na simu iliyozimwa saa tatu nzima, hapo uliza bila kusubiri Jumapili. Watu wengi wanaoacha pombe huanguka angalau mara moja, hasa mwaka wa kwanza, kwa hiyo msisubiri aanguke ndipo mtafute la kufanya. Kaeni sasa, nyumba ikiwa na amani, muandike: akinywa atalala wapi usiku huo, mshahara utashikwa na nani, nani atapigiwa simu, na wewe na watoto mtakwenda kwa nani. Sahihi mbili chini. Kitu kilichoandikwa hakihitaji kupigiwa kelele.

Mwangalie kwenye vilio, yaani matanga, na sherehe kuliko kwenye nganda, yaani baa. Nganda anaikwepa mwenyewe. Kilioni anapewa chupa na mjomba, na kukataa kunaonekana dharau. Mpatane kwamba atakwenda mchana, atoe mchango wake, akae na wafiwa, arudi kabla ya giza. Munkoyo pia, kile kinywaji cha mahindi, mwanangu, watu wanaichukulia kama kinywaji cha watoto. Ya leo ni tamu, lakini ikikaa siku mbili tatu inachacha na pombe inazidi. Kwa mtu anayejaribu kuacha, iondoke nyumbani.

Tena, akianguka na kunywa kila siku kwa wiki nyingi, msimfungie chumbani aache ghafla. Kutetemeka na jasho huanza ndani ya saa 6 hadi 24 baada ya chupa ya mwisho, kifafa kinaweza kuja ndani ya siku mbili, na kati ya siku ya pili na ya nne wengine wanachanganyikiwa, wanaona vitu visivyokuwapo. Hiyo inaua. Ni ya hospitali, chini ya daktari, wala isiitwe pepo.

Akikupiga au akikutishia, barua yote hii iweke pembeni. Pumzi na daftari ni za nyumba ambamo hakuna mkono unaoinuka. Chukua watoto uje, saa yoyote.

Usibebe peke yako, lakini usiwaambie wote. Chagua mmoja au wawili wanaojua kusikiliza bila kukuamrisha uondoke au ubaki. Wakwe waambiwe kuhusu ulevi, maana watamsaidia vilioni. Habari za yule mwanamke zikifika kwao zitarudi kwako kwa umbo jingine. Kule Marekani, tangu mwaka 1951 kuna vikundi vya familia za walevi vinavyoitwa Al-Anon, na wana maneno matatu ninayotaka uyabandike mlangoni pa kabati: ulevi wake hukuusababisha, huwezi kuutawala, huwezi kuuponya. Unalolitawala ni lako.

Kama usingizi umekukataa zaidi ya mwezi, kama ndoto mbaya hazikomi, kama huwezi kufanya kazi, au ukianza kuwaza kwamba heri usingekuwapo, nenda umwone daktari wa akili. Hapa Lubumbashi kuna kituo cha Joseph Guislain cha Mafurera wa Karite, wale watawa wa Kikatoliki. Watu wanapaogopa kwa jina, wanasema ni pa wendawazimu. Nitakwenda nawe, tukae kwenye foleni pamoja. Na la kuwaza kufa usilisubirie siku ya kliniki, nipigie saa ile ile, hata saa tisa za usiku.

Jumapili hii mwanzeni ile hesabu. Watoto nitawachukua Jumamosi mchana, nitawarudisha Jumapili jioni wakiwa wamekula. Nikija nitaleta daftari, nimekwisha kulinunua, la kurasa 96, na nimepiga mistari ya safu sita ukurasa wa kwanza ili uone zinavyokaa.

Mama yako