Kwa nini idadi ya kunukuliwa hutofautiana

Ndugu yangu wa Malindi, umeuliza kwa nini makala yako kuhusu mikoko ya Lamu yaonekana kunukuliwa mara 41 kwenye Google Scholar, ilhali Scopus, hifadhi nyingine ya maandishi ya kitaaluma, yakuhesabia mara 17 tu. Hakuna aliyekupunja, kwani kila hifadhi huhesabu nukuu zinazotoka katika maandishi iliyonayo yenyewe. Google Scholar, iliyoanzishwa mwaka 2004, hukusanya kwa mashine chochote chenye sura ya kitaaluma mtandaoni, zikiwemo tasnifu na rasimu, na mara nyingine huhesabu andiko moja mara mbili. Scopus, iliyoanza mwaka huohuo, hupokea majarida yaliyochujwa na jopo. Web of Science, hifadhi ya tatu, ambayo chimbuko lake ni faharasa ya nukuu ya Mmarekani Eugene Garfield ya mwaka 1964, nayo huchuja. Tasnifu ya mwanafunzi aliyekunukuu, kwa kawaida, haitaingia humo.

Kisha kuna majina yetu, na hapa ndipo ninaposhuku zaidi. Mifumo hii hulichukulia jina la mwisho kuwa la ukoo, ilhali kwetu pwani aghalabu ni la babu. Ukiandika Mohamed leo na Muhammad kesho, wageuka watu wawili. Jisajili ORCID, daftari la mtandaoni la watafiti, upate namba moja ya kudumu ya kukutambulisha, kisha waombe Scopus waunganishe kurasa zako za mwandishi. Katika fomu ya kupandishwa cheo, taja hifadhi uliyotumia pamoja na tarehe uliyoitazama.