Maswali na Majibu: Sifongo wa Vilindini Anapataje Jina?

Shikamoo Mwalimu. Jarife letu limeopoa kitu cheupe mfano wa dodoki, kina miiba myembamba inayong'aa. Ni mmea au jiwe? (Mvuvi, Msimbati)

Marahaba. Ni mnyama, anaitwa sifongo. Hana mdomo, tumbo wala moyo. Huvuta maji kwa vitundu vya mwilini, akachuja bakteria na chembe za chakula, kisha akayatoa. Miiba hiyo ndiyo mifupa yake, na kwa sifongo wengi wa vilindini imejengwa kwa silika, madini yanayotengenezea kioo. Yuko mmoja, *Monorhaphis chuni*, ambaye mwiba wake mmoja hufika urefu wa mita 3.

Usimshike kwa mkono mtupu. Miiba hukatikia kwenye ngozi ikawasha. Wala usimwanike. Mpige picha angali mbichi, maana rangi hupotea akishatiwa spiriti. Kisha mtie kwenye chupa ya spiriti kali. Formalini usitumie, maana huharibu DNA (vinasaba). Ndani ya chupa tumbukiza karatasi iliyoandikwa kwa penseli, kwa sababu wino huyeyuka: mahali, tarehe, na kina kwa pima. Hilo la kina nakusihi usilisahau. Sifongo asiyejulikana alikotoka humpa mtaalamu nusu tu ya habari.

Mtaalamu anajuaje kwamba huyu ni mpya? Mbona wanafanana? (Mwanafunzi wa kidato cha tano, Lindi mjini)

Wanafanana kweli, na ndiyo maana umbo la nje halitoshi. Kipande kidogo hulowekwa kwenye dawa ya kung'arishia nguo au asidi ya nitriki. Nyama huyeyuka, ikabaki miiba. Chini ya hadubini utaiona ya kila namna: nanga, ndoana, nyota, mingine yenye miale sita. Mtaalamu huipima mmoja mmoja, urefu na unene, akailinganisha na maelezo ya ndugu wote wa sifongo huyo katika jenasi yake, yaani kundi la walio karibu kiukoo, mengine yakiwa yameandikwa kwa Kijerumani au Kifaransa tangu karne ya 19. Sifongo waliokwisha kuelezwa ni zaidi ya 9,000. DNA husaidia, lakini haimwondolei kazi ya kusoma.

Akiridhika, huchagua kielelezo kimoja, holotipu, kikahifadhiwa makumbusho. Kwangu mimi hapa ndipo penye heshima ya kazi yote: atakayetia shaka miaka 100 ijayo ataifungua chupa ileile ajionee mwenyewe. Maelezo huchapishwa katika jarida la kisayansi, na kuanzia hapo jina linatambulika.

Anaweza kupewa jina la kijiji chetu? (Msomaji, Kilwa Masoko)

Anaweza. Jina huwa na sehemu mbili, kwa utaratibu wa Linnaeus, mwanasayansi wa Uswidi, ulioanza kuhesabiwa kwa wanyama mwaka 1758, na mwenye kuchagua ni yule anayeandika maelezo. Anaweza kufuata umbo, mahali au mtu, ila si desturi kujipa jina lake mwenyewe. Ninyi wa Kilwa mnamjua samaki silikanti, yule aliyenaswa Songo Mnara mwaka 2003. Jina lake, *Latimeria chalumnae*, lilitolewa mwaka 1939 kwa heshima ya Marjorie Courtenay-Latimer wa makumbusho ya East London, Afrika Kusini, na mto Chalumna wa hukohuko. Natamani sana kijana wa Lindi au Mtwara asomee kazi hii, aandike jina la Ruvuma au Songo Mnara kwa mkono wake.

Ana faida gani? Anauzika? (Mama lishe, Mikindani)

Sokoni, hapana. Sifongo wa kuogea wanaolimwa na akina mama wa Jambiani, Unguja, ni wa maji mafupi na hawana miiba. Faida kubwa iko kwenye dawa: citarabini, ya saratani ya damu, ilitokana na uchunguzi wa sifongo wa Karibi, na eribulini, ya saratani ya matiti, wa Japani. Sifongo hao wawili walikuwa wamekwisha kupewa majina kabla dawa hizo hazijatengenezwa.

Tukimpata mwingine tumpeleke wapi? (Mvuvi, Msimbati)

Msimbati iko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, kwa hiyo anzia kwa maofisa wa hifadhi. Walio mbali waende kwa ofisa uvuvi wa wilaya. Akija mtafiti mgeni akakuomba chupa, mwombe kwanza akuonyeshe kibali cha utafiti cha COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia.