Ulitaka beki tatu, ukaletewa mgeni

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni mwenyeji wa Tanga, nimeolewa na Mjerumani, tunaishi Bremen. Tuna watoto wawili, wa miaka 6 na 3. Mwezi wa nane tulimleta msichana wa Kikenya wa miaka 22 awe au pair wetu, yaani kijana wa kigeni anayekaa na familia na kusaidia watoto, maana nafanya kazi za zamu kwenye nyumba ya wazee. Nilimchagua mwenyewe kwa simu ya video, nikijua binti wa kwetu ataiweza kazi na watoto watapata Kiswahili. Nimechoka. Saa zake zikiisha anafunga mlango. Sufuria likiwa kwenye sinki analipita. Mwanangu ananisalimia "niaje mama". Mume wangu anamtetea kwa kila jambo, amebandika ratiba yake kwenye friji, na Jumanne usiku anamfuata darasani kwa gari. Mama mkwe akija anakaa naye meza moja wanacheka. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi nilikuja huku 2011, hakuna aliyenibembeleza. Nimrudishe kwao?*
*Mama Wawili, Bremen*

Marahaba mwanangu. Pole kwa zamu. Kugeuza wazee kitandani usiku kucha, halafu urudi asubuhi ukute uji umegandia kwenye bakuli, si mchezo. Nimeshakupa pole, sasa tuzungumze.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikuwa upande wako.

Tuanze na mume, maana najua ndiye aliyekufanya uniandikie, ingawa umemficha katikati ya sufuria na mama mkwe. Mwanamume mwenye nia ya wizi habandiki ratiba kwenye friji. Saa 3 usiku huko kwenu wakati wa baridi ni giza, mvua na upepo, na binti wa watu hajamaliza hata mwaka. Angemwacha kituoni anatetemeka, hapo ningekuwa na maneno naye. Kumfuata darasani ni kitu ambacho baba yeyote mwenye nyumba angefanya. Na ratiba ile ni mkataba aliotia saini. Mwenye nyumba ni ninyi wawili. Je, wewe uliusoma?

Mimi nimeusoma, wa binti wa dada yangu. Kabla hajaondoka kwenda Ujerumani alikuja na karatasi zake barazani, yeye anatafsiri, mimi namenya vitunguu. Saa zisizidi 6 kwa siku wala 30 kwa wiki, na kubaki na watoto usiku kunahesabiwa humo humo. Siku moja na nusu ya kupumzika kila wiki. Chumba chake mwenyewe, chenye dirisha na joto. Euro 280 za mfukoni kwa mwezi, euro 70 za kuchangia kozi ya Kijerumani, na bima juu ya wenyeji. Kitunguu kilikuwa kimeniliza, lakini hapo kwenye euro 280 nilicheka. Nilimuuliza, "Mshahara ndio huu?" Akanijibu, "Mama mkubwa, huu si mshahara. Mimi si mfanyakazi."

Hapo ndipo ulipokosea. Maneno hayo, "au pair", ni ya Kifaransa, na maana yake ni sawa kwa sawa. Anakula mezani penu, anawasaidia na watoto na kazi ndogondogo, ninyi mnampa nyumba na nafasi ya kujifunza lugha, kisha mwaka ukiisha kila mtu anashika njia yake. Wewe ulitafuta beki tatu. Ukapiga hesabu, ukaona mwanamke wa kukusafishia nyumba huko Bremen analipwa kwa saa, na huyu ni euro 280 mwezi mzima. Jembe la wahenga umelileta, lakini hilo jembe lina saa 30. Saa zake zikiisha, kufunga mlango ni haki yake. Sijui mlango wako wewe ungeufunga namna gani.

Na maswali uliyomuuliza kwenye simu naweza kukuandikia bila kuwepo. Unajua chapati? Unajua kupiga pasi? Unasali wapi? Akajibu ndiyo, ndiyo, na jina la kanisa. Hukumuuliza kama amewahi kushinda na mtoto wa miaka 3 kutwa nzima mama akiwa hayupo. Hukumuuliza mwaka ukiisha anataka kuwa nani. Muulize leo. Usishangae akikuambia anataka kusomea uuguzi, kazi ya zamu, kama wewe.

La Kiswahili nalo linanichekesha. Mtoto ana miaka 6. Hiyo miaka 6 amekuwa na nani? Kiswahili cha Tanga chote, cha "nyamaza mwanangu" na "njoo hapa baba", umekifungia mdomoni, halafu unamleta binti wa Nairobi kukifundisha kwa niaba yako. Atafundisha cha Nairobi. Tena yeye kaja kutafuta Kijerumani, na sheria ya huko inataka aishi kwenye nyumba inayozungumza Kijerumani. Ukimbana aongee Kiswahili kutoka asubuhi hadi usiku, unamnyima kilichompandisha ndege.

Mhariri hapendi nikihubiri, lakini leo atanisamehe. Ndoa za siku hizi hazina mashahidi. Zamani nyumba ilikuwa na shangazi, wifi, jirani anayeingia bila kubisha hodi, na mume na mke waligombana huku watu wakiwasikia, basi wakaona aibu, wakanyamaza. Sasa mnajifungia wawili na simu mbili, na akiingia mtu wa tatu ndipo mnagundua miaka mingi hamjaongea. Mnaanza kusemezana kupitia kwake: mume akitaka kukuambia umechoka anasema "mwache msichana apumzike", na wewe ukitaka kumwambia hakuoni unasema "unamtetea". Msichana wa watu anageuzwa kamba ya kuanikia nguo zenu.

Sasa 2011. Barua yako ilitakiwa ianzie hapo. Hakuna aliyekubembeleza, nakuamini. Nadhani hata huyo mama mkwe alikuwa akikukatia mkate bila kukutazama usoni. Leo unamwona anacheka na mgeni wa juzi, kwenye meza ile ile, na roho inakuuma hadi unaona bora sufuria liwe ndiyo kesi. Lakini fikiri mwanangu: kukaa na Mwafrika mezani bibi huyo kajifunzia kwa nani? Kajifunzia kwako. Miaka yote hiyo uliyokaa kwenye kiti kile umemfundisha wewe, na Mkenya kakuta somo limekwisha. Mimi sitamlaumu kizee aliyejifunza, hata kama alichelewa. Mficha uchi hazai. Siku akija tena, mwambie ulivyojisikia mwaka ule. Mwambie yeye, si msichana.

Usimrudishe. Jumapili mchana kaeni mezani watu wazima watatu, toeni ratiba kwenye friji, isomeni kwa sauti. Sufuria la uji wa watoto ni lake, na hapo umeonewa, mwambie waziwazi bila kumnunia siku tatu. Sufuria la chakula chako cha usiku ni lako. Mkishindwana kabisa, mpe wiki mbili za notisi na umsaidie kutafuta familia nyingine, maana kibali chake cha kukaa kimeshikana na kazi hii, na pesa yake usiikate hata senti.

Na mtoto akikuambia "niaje mama", mjibu "poa", kisha mwambie kwa bibi yake Tanga husemwa "shikamoo". Zote mbili zitamwingia.