Eksirei inapenya metali, sasa inaonaje atomi za juu tu?

SWALI: Shikamoo mwalimu, nasoma fizikia mwaka wa pili. Eksirei si inazama ndani ya metali? Sasa inakuwaje watu wanaitumia kujua atomi za juu kabisa zimepangikaje? Kwa nini wasitumie elektroni tu?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Ni kweli inazama, na ukiipiga wima kinachorudi karibu chote ni cha ndani, ishara ya tabaka la juu inamezwa humo. Dawa ya kwanza ni kuilaza. Eksirei ikiingia kwenye metali inapinda kinyume na mwanga unavyopinda kwenye kioo, kwahiyo ukiileta karibu sambamba na uso, chini ya pembe fulani (kwa dhahabu na eksirei yenye nishati ya keV 8 ni kama nusu digrii) inaakisiwa karibu yote na inayoingia inaishia nanomita chache tu.

Ila pembe peke yake haitoshi, wengi wanaishia hapo na wanakosea. Chukua dhahabu, uso wa (110), yani kristali iliyokatwa kwa mwelekeo mmoja maalum. Pale juu mistari ya atomi inaruka, mmoja upo mmoja haupo, yani mpangilio unajirudia kwa umbali mara mbili ya ule wa ndani, na umbali ukiwa mara mbili yanatokea madoa mapya ya difraksheni (sehemu ambazo mawimbi yaliyotawanywa na atomi yanajumlishana) katikati ya yale ya kawaida, sehemu ambayo kristali ya ndani haitoi kitu. Weka detekta hapo, unachopokea ni cha uso tu! Ian Robinson wa Bell Labs, maabara ya utafiti ya Marekani, alipima hivyo akachapisha 1983, ile mistari inayorukwa kweli haipo, na 1986 akaeleza zile fimbo hafifu za eksirei zinazounganisha madoa ya kawaida (zinatokea kwa sababu kristali imekatwa, inaishia pale usoni), ndo zinakuambia tabaka la juu limesogea kiasi gani.

Elektroni ni nzuri na rahisi, hazihitaji sinkrotroni, ile mashine kubwa ya kutoa eksirei kali. Lakini zinagongana na atomi mara nyingi kabla hazijatoka so hesabu inakuwa nzito, halafu lazima vakyumu. Eksirei kwa kawaida inagonga mara moja inatoka, na inapita kwenye gesi na maji, kwahiyo unaona elektrodi ikiwa ndani ya myeyusho au katalisti ikiwa kazini, na kwangu hiyo ndo sababu kubwa kuliko zote.

Jaribu kwenye kompyuta: panga 1 1 1 1 kwa mistari mingi, juu yake weka 1 0 1 0, piga Fourier (hesabu inayoonyesha mpangilio unajirudia kwa umbali gani) uone madoa ya nusu yanatoka wapi.