Saratani ya mapafu: usipande basi la Dar na eksirei peke yake

Kikohozi kikianza wakati wa kupuliza salfa kwenye mikorosho, watu husema ni vumbi. Kisipokatika, husema ni TB. Huenda ni TB kweli, lakini msiridhike na picha ya eksirei. Ombeni makohozi yapimwe kwa GeneXpert, mashine inayotambua vimelea vya TB. Majibu yakionyesha hakuna vimelea na mgonjwa bado anakonda au anatema damu, mwulizeni daktari waziwazi kuhusu saratani. Aliyevuta sigara miaka mingi asisubiri kumaliza dozi ya TB ndipo aulize.

Sisi wa Kusini tuanzie Ligula (Mtwara), Sokoine (Lindi) au Hospitali ya Kanda pale Mitengo, Mtwara, mpate rufaa ya CT, yaani picha ya kina ya kifua, na ya kutolewa kinyama, yaani kipande kidogo cha uvimbe cha kupimwa. Hicho kinyama ndicho kinachoamua tiba. Saratani ya seli ndogo husambaa haraka, na tiba yake kubwa ni kemo, yaani dawa za kuua seli za saratani, na mionzi. Isiyo ya seli ndogo ndiyo ya wengi, takriban wagonjwa 85 katika kila 100, na njia zake za tiba ni nyingi zaidi. Kinyama kikitolewa kidogo mno maabara hushindwa kusoma, kazi inaanza upya. Mabaki yake yaliyohifadhiwa kwenye nta yasipotee, maana ndiyo yanayopimwa mabadiliko ya jeni za EGFR na ALK. Mwenye mabadiliko hayo huweza kutibiwa kwa vidonge.

Saratani hupangwa kwa hatua, ya 1 ikiwa ndogo na ya 4 ikiwa imesambaa mwilini. Upasuaji unafaa zaidi hatua ya 1 na ya 2, na baadhi ya wagonjwa wa hatua ya 3. Daktari hupima kwanza kama pafu litakalobaki litatosha kupumulia. Sigara iachwe leo, si wiki ya upasuaji.

Hatua ya 3 isiyokatika kwa kisu, mgonjwa mwenye nguvu hupewa kemo na mionzi kwa pamoja. Mionzi hiyo hufuatwa Ocean Road, hospitali ya saratani jijini Dar, na kwa kawaida ni mara 30, Jumatatu hadi Ijumaa, wiki 6. Hapa ndipo familia nyingi hukwama: wamebeba nauli na hela ya wiki moja, wakati mgonjwa anahitaji mahali pa kulala na mtu wa kumpikia mwezi na nusu. Akikatisha katikati, seli zilizobaki huota tena. Kaeni kikao cha ukoo kabla ya safari, na tafadhali msingoje malipo ya korosho.

Kemo hutolewa kila baada ya wiki 3, mizunguko 4 hadi 6. Nunueni kipimajoto. Kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya kemo, kinga hushuka sana. Joto likifika 38, mgonjwa apelekwe hospitali saa ileile, hata usiku. Panadol hushusha joto tu, maambukizi yanaendelea. Dawa za mizizi zitajwe kwa daktari, maana nyingine huumiza figo na ini.

Hatua ya 4 bado ina tiba. Maji yaliyojaa kifuani yakitolewa, pumzi hurudi. Mfupa unaouma huweza kutulizwa kwa mionzi ya siku moja. Mofini ya maji, dawa ya maumivu makali, hunywewa kila baada ya saa 4, pamoja na dawa ya kulainisha choo tangu siku ya kwanza. Wengi huacha mofini kwa sababu ya choo kigumu, kisha maumivu yanarudi. Kabla ya kuondoka Dar, ulizeni ni hospitali gani ya huku kwetu itakayoendelea kuitoa, na dozi iandikwe kwenye karatasi.