Kabla hujatoa kodi ya miezi sita, iangalie LUKU, mita ya umeme wa kulipia kabla

Msomaji mmoja wa Tabata ameniandikia kwamba umeme wa elfu tano unamwishia siku ya nne, na ndani ana feni, friji ndogo na taa tatu. Kodi ya miezi sita ameshatoa, na ya mwezi mmoja ya dalali juu yake. Kosa lake ni la wengi: alikagua vigae, mita hakuigusa.

Mita ya matumizi madogo hulipa shilingi 100 kwa yuniti kabla ya makato ya serikali, mradi isivuke yuniti 75 kwa mwezi. Ikivuka, inaweza kuhamishiwa kundi la shilingi 292. Elfu tano ileile inakupa yuniti kama 41 huku, 14 kule. Wapangaji watatu kwenye LUKU moja watabakije chini ya 75? Uliza kama mita ni yako peke yako, na usiridhike na jibu la mdomo. Zima kila kitu, chomoa na friji, kisha kaitazame mita. Kile kitaa chekundu kikiendelea kupepesa, kuna mtu anakula umeme wako. Mara nyingi ni taa za nje, pampu ya kisima au chumba cha uani. Halafu nunua umeme kidogo kwa namba ya mita hiyo usome yuniti na makato, maana deni la aliyehama hubaki kwenye mita. Kodi ya jengo nayo imekuwa ikikatwa humohumo tangu 2021, siku hizi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Mdaiwa ni mwenye nyumba, lakini anayenunua umeme ni wewe. Kwa mwaka ni 18,000, na hela hiyo ipunguzwe kwenye kodi yako ya pango.

Kwenye maji, fungua bomba la jikoni na la bafuni kwa pamoja, uone kama yanatoka kwa nguvu. Paka sabuni mkononi: povu likigoma na mdomo wa bomba una ukoko mweupe, hayo ni ya kisima cha chumvi, na ya kunywa utanunua kwa dumu. Simtanki la lita 1,000 ni madumu 50 tu ya lita 20. Kaya nne zikichota madumu sita sita kwa siku, siku ya tatu mnagombania mawili. Uliza majirani maji ya DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar es Salaam, hutoka siku zipi. Dalali atakwambia hayakatiki.

Nyumba nzuri ya kiangazi inaweza kuwa bwawa wakati wa masika. Ukiwa karibu na bonde la Msimbazi au mtaro wowote, tazama ukuta chini ya goti: rangi mpya chini na ya zamani juu ina sababu yake. Jirani akijenga kizingiti cha tofali mbili mlangoni, hakufanya kwa urembo. Inua macho kwenye dari pia, madoa ya rangi ya chai ni bati linalovuja.

Karo la choo watu huona aibu kuliuliza. Uliza lilinyonywa lini, gari linafika au njia ni ya bodaboda, na nani analipa. Pasipofika gari ndipo vyoo hutapishwa mvua ikinyesha, na uchafu unapita mlangoni kwako.

Ukiridhika, nenda kwa mjumbe au ofisi ya serikali ya mtaa uhakikishe mwenye nyumba ndiye huyo. Hela ya pango mpe yeye, si dalali. Sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ilifutwa 2005, kwa hiyo kinga yako kubwa ni mkataba. Andikeni notisi ni ya miezi mingapi, nani anatengeneza kinachoharibika, makato ya 1,500, yuniti zilizobaki kwenye LUKU na namba inayosomeka kwenye mita ya maji siku unayopokea funguo. Zipige picha zote mbili, baba mwenye nyumba akiwa amesimama hapo.